Sindano Haiijui Makka

Bigwa, Morogoro
Alhamisi, baada ya swala ya alasiri

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Hujambo, mama? Umeketi vizuri? Tumbo halijachafuka kwa safari? Najua utacheka, maana leo asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukianua nguo na kuimba, mzima kabisa. Lakini barua hii naiweka kwenye begi lako la mkononi, juu ya kanga za mama yako, nayo ina sharti: uifungue basi likishapita Mikese. Ukiifungua Msamvu utashuka, nami nitalia mbele ya wapiga debe, na mimi na wewe hatutaki hayo. Kwa hiyo ninayemjulia hali ni huyo aliyemo ndani ya basi. Mimi sijambo, alhamdulillah, ila goti.

Sasa hivi umekwenda Kinole kumuaga mjomba wako na kulizuru kaburi la mama. Nyumba imekaa tupu. Nimezima redio kwa sababu kila ikisema neno nageuka kutazama kama umesikia. Mlima umejifunika ukungu mpaka huku chini, na mti wa mchungwa wa jirani yetu Shomari siuoni, nasikia tu ukidondosha maji.

Sitakuandikia habari za koti, wala za kula, wala za kutunza pasipoti. Shangazi yako amekwisha kuyasema hayo mpaka kuta zimeyakariri. Nataka kukuandikia habari za siku ile kwa Shomari, na neno nililolitamka pale, na jingine uliloniomba jana nikashindwa kulitamka.

Wewe ile dira umeikuta nyumbani, hujui ilikotoka. Alinipa mjomba wangu Seif, kaka wa mama yangu, siku aliponikabidhi randa na patasi zake. Kwetu Waluguru unajua ilivyo, baba anakulea lakini mjomba ndiye anakurithisha. Kwenye kioo chake, pale penye alama ya kaskazini, mjomba alikuwa amechora kwa rangi mraba mdogo mweusi, Kaaba. Akaniambia, "Mbaraka, sindano hii inaijua Makka. Igeuze utakavyo, itarudi kuitazama Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Binadamu wangapi wana imani ya namna hii?"

Neno hilo lilinipendeza sana. Nilikuwa kijana, nimemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa, na hapa nakabidhiwa kitu kinachoijua Makka. Shuleni mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba sindano inaonyesha kaskazini, na kwenye mtihani niliandika kaskazini, nikapata. Lakini moyoni niliandika Makka. Sikuona ugomvi wowote kati ya majibu hayo mawili, maana kwetu hapa Makka iko kaskazini, kidogo tu kuelekea kulia. Ukisimama kutazama upande wa kaskazini, umeitazama.

Basi watu wakaanza kuniita. Anayejenga chumba, anayetandika mkeka kwenye msikiti mpya, anayechimba kaburi. "Mwiteni Fundi Kibla." Sikuwahi kudai chochote. Nilikwenda, nikaiweka dira chini, nikangoja itulie, nikasema neno la mjomba. Kusema kweli, mama, nililisema kwa majivuno kidogo. Mtu asiye na cheti chochote anapenda kuwa na kitu kimoja anachokijua.

Na dalili nilizipata. Siku moja nilikuwa napima chumba cha mtu huko Kiroka, nikaweka nyundo karibu. Sindano ikageuka ikaitazama nyundo. Nikashtuka. Nikaisogeza nyundo mbali, sindano ikarudi mahali pake, nami nikaendelea na kazi. Sikujiuliza kwa nini kitu kinachoijua Makka kipotoshwe na nyundo ya fundi seremala. Hilo ndilo kosa ninalolijutia kuliko hata kutojua. Nilionyeshwa, nikasogeza nyundo.

Sasa siku ya kwa Shomari. Alikuwa anaongeza chumba cha kuswalia nyuma ya nyumba yake, na Kibwana mwashi, mtani wangu, alikuwa ameshika mwiko akingoja nimwekee mstari aanze kupanga tofali. Ukaja na chupa ya chai. Nikaiweka dira juu ya tofali, ikacheza, ikatulia. Nikasema, "Mnaiona? Sindano inaijua Makka." Kisha nikafanya jambo ambalo nilikuwa nimelipanga tangu ulipopata nafasi ya chuo. Nikaiokota nikakukabidhi mbele ya watu.

"Chukua, mama. Uende nayo Uturuki. Ikuonyeshe kibla huko kama ilivyotuonyesha sisi."

Ukaipokea kwa mikono miwili. Ukaitazama, ukatabasamu. Sasa naelewa lilikuwa tabasamu la mtu anayempenda mwenye zawadi na hajui aseme nini juu ya zawadi. Siku ile sikuelewa hivyo. Ukasema polepole, "Asante, Baba. Lakini kule nikiifuata hii, Makka nitaipa kisogo."

"Unasemaje?"

"Sindano haiijui Makka, Baba. Inatazama kaskazini tu. Na ninakokwenda mimi ni juu ya Makka. Ikitazama kaskazini, Makka inabaki nyuma."

Kibwana si mtu wa kuachia nafasi kama hiyo. Alitupa mwiko chini. "Lahaula! Jamani, kumbe miaka yote Mluguru huyu anatusujudisha kwenye mpunga wa Dakawa!"

Shomari akashika ukuta kwa kucheka. "Fundi Kibla! Turudishie swala zetu!"

"Mwacheni," Kibwana akasema, "labda Dakawa kuna malaika wa umwagiliaji."

Ilikuwa utani, na utani wetu umevuka mazishi na harusi, wala sijawahi kukasirika. Siku ile nilikasirika. Nikakuambia wewe, ambaye hukunitania, "Kama elimu yenyewe ni ya kuja kumfundisha baba yako kibla, basi usiende."

Unakumbuka yaliyofuata. Kibwana aliokota mwiko akaufuta udongo kwa kidole. Wewe uliiweka dira juu ya tofali taratibu, kama yai, ukachukua chupa na vikombe, ukaondoka. Chai hatukunywa.

Baada ya hapo maneno yetu yakawa ya chumvi na maji. "Chumvi iko wapi?" "Kabatini, Baba." Nyumba ya watu wawili, mama, wakinuniana inakuwa haina mtu.

Jambo ambalo hukulijua ni kwamba hasira iliisha siku ileile. Kilichobaki kilikuwa hofu. Nilikuwa najiuliza: na Mwanahawa? Mama yako nilimpimia kaburi mimi mwenyewe, kule Kinole kwenye ardhi ya ukoo wake, kwa dira ileile. Watu walitaka kunipumzisha, nikakataa. Nikajiambia, siwezi kumfanyia jambo lolote tena, basi angalau nimwelekeze. Sasa nikawa nawaza kwamba nimemlaza ameelekea pasipojulikana, kwa sababu ya mraba wa rangi.

Ijumaa baada ya swala nikapanda Kinole peke yangu. Nilikaa pale kaburini, mvua ya rasharasha, nikamwomba msamaha. Sikujua naomba msamaha wa nini hasa. Niliporudi ulikuwa jikoni. Ukatazama udongo mwekundu kwenye viatu vyangu.

"Ulikwenda kwa Mama."

Nikavua viatu. Ukachukua chungwa kwenye kapu na kalamu ya wino. Ukatia nukta, ukasema, "Hapa sisi." Ukatia nyingine juu yake, "Hapa Makka." Ukachora mstari, ukaenda juu karibu wima. Ukatia ya tatu, juu zaidi. "Hapa nitakuwa mimi." Ukanizungushia chungwa mkononi nione mwenyewe. Kisha ukasema, "Mama yuko sawa, Baba. Hukumkosea. Sababu yako ilikuwa nyingine, lakini ulipatia."

Mimi nikasema, "Maghrib imekaribia," nikatoka. Nakwambia leo: nilikwenda nyuma ya karakana nikalia mpaka mwadhini akaanza kuadhini.

Nimelifikiria sana chungwa lile. Nilikuwa sahihi maisha yangu yote kwa sababu sikutoka nyumbani. Ningevuka bahari mara moja tu ningekuwa nimepotea, tena kwa kujiamini. Na sidhani ni dira peke yake. Mengi niliyokulea nayo ni ya namna hiyo, ni kweli yakisemewa Bigwa. Wewe ndiye utakayejua yapi yanavuka na yapi hayavuki. Hutakuwa unanivunjia heshima. Ndiyo maana dira nimeirudisha kabatini, ibaki hapa ambapo haimdanganyi mtu. Uturuki kumejaa misikiti, hukuihitaji hata kabla hujatabasamu.

Jumapili ndipo nilipokuuliza. Ulikuwa umeinjika maharage, na wali pembeni umekwisha kuupalia makaa juu ya kifuniko. Nikaja nikakaa kwenye kibao cha mbuzi, nikajifanya nanoa penseli. Nikasema, "Sasa kama si Makka, inavutwa na nini?"

Ulifurahi, mama. Ulijaribu kuficha lakini niliona. Ukaniambia kwamba chini kabisa ya ardhi, mbali kuliko kisima chochote, kuna chuma. Cha katikati kabisa ni kigumu kwa kukandamizwa, lakini kinachokizunguka kimeyeyuka, ni bahari ya chuma. Ukafunua sufuria ya maharage. "Tazama, Baba. La chini likipata moto linapanda. Likifika juu linapoa, linashuka. Linapanda, linashuka. Na chuma nacho hivyohivyo. Halafu dunia inazunguka, kwa hiyo ile mikondo inajisokota."

"Na kujisokota ndiko kunakovuta sindano?"

"Unakumbuka dinamo ya baiskeli yako ya zamani?"

Nikakumbuka. Ilikuwa inasugua tairi, na taa inawaka.

"Basi ni dinamo. Chuma kikitembea ndani ya sumaku kinazaa umeme, na umeme unazaa sumaku, na sumaku ile ndiyo inasaidia kuzaa umeme tena."

"Kwa hiyo kilianza kipi?"

"Kuku na yai, Baba," ukasema, tukacheka kwa mara ya kwanza tangu kwa Shomari. "Ila wa kupiga pedali ni joto. Joto likikoma kupanda, taa inazimika. Mirihi ilikuwa na sumaku yake zamani. Ikapoa, ikakoma."

"Na hii yetu?"

"Maharage yataiva kwanza, usiogope."

Ndipo nikakuuliza swali la kijinga, kwa sababu ya jina lako. Ulizaliwa alfajiri, na nyota ya Zuhura ilikuwa inaning'inia upande wa Kiroka, inawaka kama mtu kaiwasha kwa ajili yako. Mama yako akasema, "Huyu keshajiita mwenyewe." Nikauliza, "Na Zuhura je? Ina sumaku?"

"Haina," ukasema. "Mimi sina sumaku, Baba. Zuhura ni ya moto kuliko zote, lakini ukienda na dira kule haikuonyeshi kitu."

"Yenye moto kuliko zote ndiyo isiyo nayo? Si umesema ni joto?"

Ukafunika maharage, ukanionyesha wali. Makaa chini, makaa juu. "Huu una joto, tena kila upande. Lakini umeona unacheza? Umetulia tuli. Maharage yanacheza kwa sababu joto lina pa kutokea. Wengi wanadhani Zuhura iko hivyo, imejifunika blanketi, joto la ndani halitoki vizuri, basi chuma chake hakichezi. Bado wanabishana. Ndicho ninachokwenda kusoma." Ukasogeza kaa moja juu ya kifuniko. "Si joto lenyewe, Baba. Ni joto kutoka."

Ulisema hivyo kisha ukaenda kuteka maji. Hukujua umeniacha na nini pale.

Mama yako alipofariki ulikuwa kidato cha pili. Siku ya matanga ulilia kwa sauti, nami nikakuambia, "Nyamaza, usimsumbue marehemu." Ukanyamaza. Ulinyamaza vizuri mno. Mimi nikaingia karakana nikaanza kupiga randa ubao wa mninga, ubao mzuri, wa mlango wa mtu. Nilipiga randa mpaka ukawa mwembamba kama jani la mgomba, haufai hata kwa sanduku. Watu wakasema, mwacheni, anajikaza. Na tangu hapo tumekuwa nyumba ya kujikaza. Jina la Mwanahawa hatulitaji. Kanga zake zimekaa sandukuni. Shomari alikuwa anakuja jioni kukaa nami, nikawa namjibu neno moja moja mpaka akaacha kuja, akaja tu alipohitaji kibla. Nilidhani hivyo ndivyo kutunza. Nilidhani nikifunika kila upande, kilichobaki hakitapotea. Na kweli hakikupotea, mama. Kilikaa tuli.

Nami sijui fizikia. Huenda naichanganya elimu yako na mambo yasiyoihusu, unisamehe. Lakini nimeswali miaka mingi nikiutazama upande mmoja, na nimefurahi kujua kwamba kinachoigeuza sindano ni kitu kilicho chini ya mkeka wangu, hakionekani, hakipumziki, na aliyekiweka ni Yeye. Imani yangu haikupungua kwa hilo. Mjomba alikosea anwani tu.

Sasa nije kwenye jana. Ulinifuata karakana. Ukapiga magoti kwenye maranda, kama mama yako alivyokufundisha, ukasema, "Baba, nimekuja kuomba radhi yako." Nami, Mungu anisamehe, nikakujibu, "Begi umefunga?"

Ukasema, "Nimefunga, Baba." Ukainuka, ukajipangusa maranda magotini, ukatoka.

Usidhani nilikuwa bado nina kinyongo. Ninakwambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Nilijua nikishalitamka hakuna kilichobaki cha kukuzuia. Wewe huwezi kuvuka bahari bila radhi ya mzazi, nakujua. Nikawa nimeishika ile radhi mdomoni kama mtu aliyeshika ufunguo, naona haya, na bado siachii. Nilitaka ukae siku moja zaidi. Ni hivyo tu. Hakuna hekima yoyote ndani yake.

Leo baada ya adhuhuri, wewe ukiwa umeshaondoka kwenda Kinole, nilikwenda kwa Shomari. Neno lililosemwa mbele ya watu hufutwa mbele ya watu. Nikamkuta na Kibwana wamekaa juu ya tofali ambazo haijapangwa hata moja tangu siku ile.

Nikasema, "Nimekuja kuwaambia Zuhura alisema kweli. Sindano haiijui Makka. Na lile neno la usiende nalifuta. Mwanangu anakwenda."

Shomari akasema, "Alhamdulillah. Tulikuwa tunaogopa kukuuliza."

Kibwana akanitazama. "Sasa mtani, mimi tofali zangu nizielekeze wapi?"

"Palepale."

"Dakawa ileile?"

"Dakawa ileile, uipite, uendelee."

"Haya," akasema, "bora umesema. Nilishaanza kununua dira ya Kichina." Kisha akaniletea kigoda, nikakaa nao. Nilikaa sana. Tulimtaja mama yako. Shomari alikumbuka mama yako alivyokuwa akimwita yeye Shomari "Mzee wa Madeni ya Salamu" kwa sababu alikuwa haitikii salamu upesi. Nilikuwa nimesahau. Jioni watakuja kukuaga, ukiwaona usishangae.

Kesho Msamvu sitasema mengi, kama ninavyojijua. Nitapakia begi, nitagombana na kondakta kidogo, nitasimama. Basi likiondoka nitarudi kwa miguu, si kwa kubana matumizi, ila sitaki kufika upesi. Nitapika wali, na sijui kipimo cha wali wa mtu mmoja. Mama yako alikuwa anapika, kisha ukapika wewe. Nitajifunza. Usinihurumie ukaanza kufikiria kurudi. Upweke ni wangu, nimeukubali, na nitauacha utoke kwa njia zake. Nitakwenda kwa Shomari. Nitamtaja Mwanahawa kwa sauti humu ndani, na wewe nitakutaja.

Basi lisikie sasa, kwa maandishi, kwa kuwa mdomo wa baba yako ni mzito. Nina radhi nawe, Zuhura binti Mbaraka. Nina radhi nawe ukiwa hapa na ukiwa huko, ukinisahihisha na ukininyamazia, ukirudi upesi na ukichelewa. Mama yako aliondoka akiwa na radhi nawe, nilimsikia kwa masikio yangu, na nilipaswa kukuambia siku ileile badala ya kukunyamazisha. Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akutangulie.

Simu yangu ni kitochi, haipokei picha, na mazungumzo yakikatika nabaki nimeishika sikioni sijui nifanye nini. Andika kwa mkono, piga picha, tuma kwa Shomari, atanisomea uani. Sitajua kama radhi imekufikia mpaka nisikie kwako. Hata mstari mmoja unatosha. Nijibu mapema, mama.

Ni mimi baba yako,
Mbaraka